Bwana Shamba na Mwenye Jembe katika Nchi ya Lugarawa

Wasomaji wetu wa Lugarawa na wa Ludewa yote wajua ya kuwa mvua za kwanza zinyeshapo, mwezi wa Novemba, hapana nafasi ya maneno mengi. Mbegu imekwisha nunuliwa, mbolea iko pembeni mwa nyumba, na kila mtu ashika jembe. Lakini wakati huohuo ndipo mashauri huwa mengi. Bwana shamba asema hivi, mwenye duka asema vile, redio yatangaza jambo la tatu, na jirani aliyejaza vihenge mwaka jana naye ana lake. Basi tumeona yafaa kueleza habari za mashauri haya: yatoka wapi, yafikaje kwa mkulima mdogo, kwa nini mengine yamefaa na mengine yameleta hasara, na jinsi mtu awezavyo kuyapima kabla ya kuyatia katika shamba lake lote.

Neno moja tuliseme mapema, kwa maana mengine yote yalitegemea. Anayetoa shauri na anayelifuata hawasimami mahali pamoja. Na tuseme yuko mama mmoja wa Lugarawa mwenye ekari mbili tu za mahindi na maharage. Ameuza kuku wake na madebe manne ya maharage apate kununua mfuko mmoja wa mbolea. Shauri likiwa na kosa, bwana shamba atapokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama kawaida. Mwenye duka amekwisha pata fedha zake. Na mtangazaji wa redio hatajua lililotokea. Mama ndiye atakayenunua mahindi kwa debe mwezi wa Februari, bei ikiwa juu na watoto wakimtazama. Kwa hiyo mkulima asitapo kufuata jambo jipya, si ujinga wala uvivu, kama wengi tuliokaa darasani tupendavyo kusema. Ni hesabu. Amepima hasara itakayomwangukia, akaona hawezi kuibeba.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Wilaya ya Ludewa yaanzia pwani ya Ziwa Nyasa, penye kimo cha mita kama 475 juu ya bahari, kisha yapanda milima ya Livingstone hata kupita mita 2,000. Mtu wa Manda alima mihogo na mpunga katika joto; mtu wa Milo au wa Mlangali ajua baridi kali ya mwezi wa Juni na Julai. Lugarawa iko kati ya hao wawili. Mmea wa mahindi hukua kwa kadiri ya joto, hata mbegu inayoiva kwa miezi minne kule ziwani huenda ikataka sita au zaidi huku juu. Mbegu ya muda mrefu ikipelekwa ziwani, mvua zaweza kukatika kabla gunzi halijajaa. Ya muda mfupi ikipandwa milimani huiva mapema na mavuno yake ni machache, kwa kuwa haikutumia mvua yote iliyopo. Basi shauri lililoandikwa mjini kwa ajili ya wilaya nzima ni nusu ya shauri. Nusu nyingine hujulikana shambani tu.

Zamani mashauri ya kilimo yalikuja na fimbo. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba ya Serikali, na vita ya Maji Maji ilipoanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, mashamba ya pamba yalikuwa sababu moja kubwa, pamoja na kodi na kazi za nguvu. Vita ikafika Ungoni, Upangwa na Ubena, na njaa iliyofuata iliua watu wengi sana kuliko risasi. Waingereza walipokuja walileta idara ya kilimo, na kuanzia mwaka 1923 gazeti la Serikali la Mambo Leo lilichapa, pamoja na habari nyingine, maneno ya ukulima kwa wajuao kusoma. Hayo yalikuwa mema. Lakini baada ya vita kuu ya pili ya dunia fimbo ilirudi kwa namna nyingine, nayo ni amri za kuhifadhi udongo.

Habari ya Uluguru yafaa ikumbukwe na kila bwana shamba. Wakubwa waliona, na waliona kweli, ya kuwa udongo wa milima ile ulikuwa ukichukuliwa na maji. Wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi, wakaweka siku za kazi na adhabu kwa wasiokwenda. Ila udongo wa Uluguru katika mahali pengi ni mwembamba. Mtu akichimba ngazi huufukia ule mweusi wa juu wenye rutuba na kuleta juu ule mwekundu usiozaa kitu. Kazi ilikuwa nzito, na wanawake ndio walioibeba sehemu kubwa. Mavuno juu ya ngazi hizo hayakuonyesha faida ya jasho lile. Watu walisema, hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 walikusanyika kwa hasira huko Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango wote ukaachwa. Shauri lile halikuwa uongo kwa kila mlima duniani. Lilikuwa kosa kwa mlima ule, na aliyelileta hakuwa na njia ya kuambiwa.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba dawa ya mmomonyoko ilikuwako tayari, tena karibu na sisi. Ng'ambo ya mto Ruhuhu, katika milima ya Mbinga, Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana kama nyavu juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani yale. Hivyo mlima wote hujaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inyeshapo, maji hutulia ndani ya mashimo badala ya kukimbia, na udongo uliobebwa hukaa humo. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu wa baadaye. Wazee hueleza ya kuwa watu walijifunza kulima miteremko mikali hivyo walipobanwa milimani kwa kuwakimbia Wangoni, katika karne ya 19. Mwaka 1938 mtumishi mmoja wa Serikali, Bwana Pike, aliiandika habari ya ngoro katika jarida la Tanganyika na kuisifu. Hata hivyo, miaka kumi baadaye watu wa milima mingine walikuwa wakiamriwa kuchimba ngazi. Maarifa yalikuwa ndani ya nchi, na maandishi yalikuwa maktabani. Palikosekana mtu wa kuyachukua kutoka mlima huu kuyapeleka mlima ule, na kuuliza kama yatafaa huko.

Sisi wenyewe wa upande wa Njombe tuna vinyungu, yaani bustani za mabondeni zilimwazo wakati wa kiangazi, ambazo kwazo nyumba nyingi hupata mahindi mabichi, maboga na mboga wakati milima imekauka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hapo pana shauri gumu kati ya njaa ya leo na maji ya kesho. Hatutalikata hapa. Twasema tu ya kuwa bwana shamba aendaye kwa mwenye kinyungu na karatasi ya sheria peke yake, bila kumwuliza atakula nini mwezi wa Oktoba, atajibiwa "ndiyo bwana," na kinyungu kitalimwa usiku.

Baada ya Uhuru maneno yalibadilika. Mwezi wa Mei 1972 chama cha TANU kilikutana mjini Iringa na kutoa azimio la "Siasa ni Kilimo," nalo lilieleza mpaka namna ya kupanda kwa mistari na kutumia samadi. Miaka michache mbele ulikuja mpango wa mahindi wa taifa, na mbolea ya viwandani ikafika katika vijiji vya nyanda za juu za kusini kwa bei nafuu. Mahindi yakawa mengi mno, hata mikoa yetu ikaitwa ghala la nchi. Mwaka 1989 ukaanza utaratibu wa Mafunzo na Matembezi, uliobuniwa na Daniel Benor, mtu wa Israeli, na kuenezwa na Benki ya Dunia hasa katika nchi ya India. Utaratibu ulikuwa hivi: bwana shamba hufundishwa somo moja kila baada ya majuma mawili, naye hulipeleka kwa wakulima wachache waliochaguliwa, na hao huwafundisha majirani. Juu ya karatasi ni kama maji yashukayo mferejini. Mara nyingi maji hayakufika. Waliochaguliwa walikuwa wenye mashamba makubwa na maneno mazuri. Jirani maskini hakwenda kuomba elimu kwa tajiri. Na wanawake, ambao ndio wenye jembe, hawakuitwa. Tena somo lilikuwa lilelile kila mahali, na mferejini maji hushuka tu, hayapandi. Swali la mkulima halikuwa na njia ya kurudi juu.

Hata hivyo yako mashauri yaliyofaa sana, na katika hayo twapenda kueleza habari ya dumuzi, kwa kuwa kila nyumba yamhusu.

Dumuzi ni mdudu wa ghala aliyetoka Amerika ya Kati. Hakuwa wa kwetu. Alionekana nchini kwanza upande wa Tabora, karibu na mwaka 1980, akasambaa pamoja na magunia ya mahindi mpaka nchi yote. Watu wakamwita Scania, kama lile lori kubwa, kwa ukali wa kazi yake. Fukusi wa zamani tulimzoea: alikula punje moja moja. Dumuzi hutoboa hata gunzi, hata mihogo mikavu, na kuacha unga mtupu.

Wakati huo desturi yetu ilikuwa kuweka mahindi pamoja na maganda yake, juu ya dari ya jikoni penye moshi, au katika kihenge. Kwa fukusi desturi hiyo ilifaa, maana ganda lilikuwa ngao. Kwa dumuzi iligeuka kuwa karamu. Mdudu huyu hupenda punje iliyoshikwa imara juu ya gunzi, apate mahali pa kujikaza anapotoboa. Punje zilizolegea humpa taabu. Hii ndiyo sababu mabwana shamba walianza kusema: pukuchueni mahindi, yachanganyeni na dawa ya unga, kisha yawekeni. Mwanzoni watu walinung'unika, kwa kuwa kupukuchua mavuno yote kwa mara moja ni kazi kubwa, tena huangukia wakati wa kazi nyingine. Ikaonekana pia ya kuwa dawa iliyomwua dumuzi haikumweza vizuri fukusi, na ile ya zamani iliyomwua fukusi haikumweza dumuzi. Ndipo zikachanganywa mbili katika unga mmoja, ambao wengi waujua kwa jina la Actellic Super.

Shauri hili lilienea kwa kasi, na sababu zake si siri. Kwanza, lilijibu hasara ambayo mtu aliiona kwa macho yake, wala hakuna aliyehitaji kushawishiwa ya kuwa unga ule ulikuwa mahindi yake. Pili, faida ilionekana kwa miezi michache, haikungoja miaka. Tatu, mtu aliweza kulijaribu kwa gunia moja na kuliacha jingine kama zamani, kisha akayafungua yote mawili akaona. Siku hizi iko pia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo mdudu hufa ndani yake kwa kukosa pumzi, pasipo dawa yoyote. Nayo imeenea kwa njia iyo hiyo: mtu hufungua mfuko mmoja mbele ya wenzake baada ya miezi sita. Ila ikitobolewa na panya huwa gunia la kawaida, na hili wauzaji husahau kulisema.

Sasa tuingie katika jambo gumu kuliko dumuzi, nalo ni mbolea. Hapa ndipo fedha za mkulima wa Lugarawa zaingia, na hapa mashauri hupotea zaidi.

Wazee husema ya kuwa zamani mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi ulitosha kulijaza shamba mahindi, na leo mifuko miwili haifanyi kazi ile. Wengine hudhani mbolea ya siku hizi imechakachuliwa. Huenda mara nyingine ni kweli, lakini iko sababu nyingine iliyo ndani ya udongo. Mbolea ya chumvichumvi, yaani salfeti ya amonia, inapoingia ardhini hubadilishwa na vijidudu vya udongo, na katika kubadilika huko uchachu hubaki nyuma. Mwaka mmoja hauonekani. Miaka ishirini huonekana. Tena nyanda zetu hupata mvua nyingi, nayo mvua huosha chokaa ya asili na kuishusha chini, hata udongo mwingi wa huku ulikuwa na uchachu tangu mwanzo. Mmojawapo wa mimea ipendayo uchachu huo ni chai, na ndiyo maana hustawi Njombe. Maharage huchukia. Mahindi huvumilia kidogo, kisha hushindwa.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Saba ni katikati, na kadiri tarakimu ishukavyo uchachu wazidi. Ikishuka chini ya 5.5 hutokea mambo mawili. Madini ya alumini yaliyolala udongoni huyeyuka na kuichoma mizizi, ikawa mifupi na minene kama vidole vilivyovimba. Na ile fosforasi iliyomo katika mbolea ya kupandia hukamatwa na alumini na chuma, mmea usiipate. Basi mkulima amenunua mbolea, ameitia ardhini, na ardhi imeificha. Akiongeza mfuko wa pili, ardhi huuficha nao. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo hupunguza uchachu polepole. Lakini yatakiwa magunia mengi kwa ekari, na gharama ya gari kupanda milima yetu si ndogo. Majivu ya jikoni hufanya kazi ya namna hiyo, ijapokuwa hayatoshi ila kwa bustani. Samadi nayo husaidia, kwani humfunga yule alumini.

Kwa hiyo mtu asinunue chokaa kwa kusikia tu, wala asiongeze mbolea kwa kukata tamaa. Na apime udongo kwanza. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, karibu na Mbeya, hupima, na bwana shamba wa kata aweza kueleza jinsi ya kupeleka. Udongo huchukuliwa mahali kumi au zaidi katika shamba lilelile, kwa kina cha sentimita 20, mbali na kichuguu, zizi na mahali palipochomwa takataka. Wote huchanganywa katika ndoo safi, na kilo moja yatosha kupelekwa. Wenye mashamba yanayopakana wakichangia kipimo kimoja, gharama yawa ndogo, mradi udongo wao ni wa namna moja.

Kipimo cha mbolea chenyewe nacho chataka maneno machache, maana tumeona watu wakitupa fedha hapa kila mwaka. Ekari moja iliyopandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mimea miwili kila shimo, ina mashimo kama 9,000. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa humo, kila shimo hupata gramu tano na nusu, na hicho ni kizibo kimoja cha soda kilichojaa. Mtu akitia vizibo vitatu kwa kufikiri kuwa wingi ndio nguvu, mfuko humwishia katika theluthi ya kwanza ya shamba, na theluthi mbili hubaki na njaa. Mbolea ya kupandia hufunikwa kwa udongo kidogo kabla ya mbegu kuwekwa, isije ikaichoma. Urea nayo, mahindi yafikapo magotini, ifukiwe. Ikiachwa juu ya ardhi sehemu yake hupaa hewani. Haya aliyajua bwana shamba tangu zamani, lakini alipoyasema kwa gramu na hekta hayakushikwa. Mtu aliyewaza kutumia kizibo cha soda ametenda kazi kubwa kuliko vitabu vingi.

Lakini huyo bwana shamba yuko wapi? Mwaka 2021 mabwana shamba na mabibi shamba wa Serikali katika nchi yote walikuwa kama 6,700, na vijiji ni zaidi ya 12,000. Mmoja huweza kuwa na vijiji vitatu au vinne vya milimani. Mwaka 2022 Serikali iliwagawia pikipiki, na mwaka huohuo, siku ya Nane Nane mjini Mbeya, ukazinduliwa mpango wa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa. Pikipiki ni jambo jema. Hata hivyo hesabu yabaki kuwa ngumu: nyumba elfu moja kwa mtu mmoja, hata akipita kila siku, hazitamwona mara mbili kwa mwaka. Basi wakulima lazima wawe na njia ya kujifunza yeye akiwa hayupo.

Njia moja iliyofaa ni shamba darasa. Ilianzia Indonesia mwaka 1989. Huko mdudu mdogo wa kahawia anyonyaye mpunga alikuwa ameharibu mashamba mengi, na kadiri watu walivyonyunyiza dawa ndivyo alivyozidi, kwa maana dawa iliwaua buibui waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 Serikali ya huko ilikataza dawa 57 katika mpunga, kisha wakulima wakakusanywa katika makundi madogo, si kuhubiriwa, ila kukaa shambani kila juma, kuhesabu wadudu na buibui, kuchora walichokiona, na kuamua wenyewe kama dawa yahitajiwa. Katika miaka ya 1990 utaratibu huu ulifika Afrika Mashariki. Bwana shamba katika shamba darasa ni kama mwenyekiti wa baraza: huuliza kuliko ajibuvyo.

Faida yake ilionekana walipokuja viwavijeshi vamizi mwaka 2017, nao ni wageni kutoka Amerika. Hapakuwa na somo lililoandikwa. Wakulima katika nchi mbalimbali za Afrika walianza kutia majivu, mchanga au udongo ndani ya moyo wa mhindi ambamo kiwavi hujificha, na wataalamu wakaenda kuyapima waliyoyaona. Anayezoea kulikagua shamba lake kila juma humkuta kiwavi akiwa mdogo, na mayai aweza kuyasaga kwa vidole. Anayengoja tangazo humkuta amekwisha nenepa, na dawa humgonga bila kumwua.

Redio na simu zafika mahali pasipofika pikipiki, nasi hatuzidharau. Redio hutangaza jambo jema saa ambayo mama yuko kisimani au jikoni, na simu ya nyumba mara nyingi ni ya baba. Tusijidanganye ya kuwa neno likisikiwa na baba limefika shambani. Mkoa wetu wa Njombe hutoa chakula kwenda nchi yote, malori yapakia Makambako usiku na mchana. Na katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 karibu nusu ya watoto wa mkoa walio chini ya miaka mitano walionekana kuwa wamedumaa. Mahindi yako tele. Maharage, mboga na maziwa yauzwa ili kununua mbolea ya mahindi. Shauri la kilimo lisilosemwa mbele ya mama apikaye halijasemwa, na mkutano uitwao saa nne asubuhi wakati wa palizi umeitwa kwa ajili ya wasiopalilia.

Sasa turudi kwa yule mama mwenye ekari mbili. Akiambiwa jambo jipya, liwe mbegu, chokaa au nafasi ya kupandia, asilikatae wala asilitie katika shamba zima. Achague mahali pa wastani, mbali na kichuguu na mti mkubwa. Apime vipande viwili vilivyo pamoja, kila kimoja mistari sita kwa hatua ishirini. Kimoja akilime kwa desturi yake, cha pili kwa shauri jipya, naye abadili jambo moja tu. Akibadili mbegu na mbolea kwa pamoja hatajua ni lipi lililofanya kazi. Vyote vipandwe siku moja na kupaliliwa siku moja, bila upendeleo; tumejua watu wapaliliao mara tatu kipande cha bwana shamba na kusahau kile kingine. Wakati wa kuvuna, mistari miwili ya pembeni ya kila kipande iachwe nje ya hesabu, kwa sababu hupata jua na udongo wa jirani. Iliyobaki ipimwe kwa debe moja lilelile, yakiwa yamekauka sawasawa. Kisha aondoe gharama ya kile alichonunua kwa bei ya mahindi ya mwezi wa Julai, ambayo ndiyo atakayouzia, wala si ya Februari.

Hasara ya kipande kama hicho, kikishindwa, ni madebe machache, na nyumba hailali njaa. Watu kumi wa kitongoji kimoja wakifanya hivyo msimu mmoja, huwa na majibu kumi ya udongo wao wenyewe. Bwana shamba aje ayaone mara tatu: mahindi yakiwa magotini, yakitoa mbelewele, na siku ya kupima. Majibu yaandikwe katika daftari la kijiji, yaliyofaa na yaliyoshindwa, pamoja na mahali shamba lilipo na mbegu iliyotumika, yasomwe katika mkutano wa mwezi wa Septemba, kabla watu hawajaanza kununua pembejeo. Nakala ipelekwe ofisi ya kilimo Ludewa, na kijiji kidai kujibiwa kwa maandishi.